Jicho la sita

Umeme ulikatika saa mbili kasorobo usiku tukiwa barazani kwa bibi, Mikindani. Niliweka sindano chini nikaanza kupapasa simu ili nimulike. Bibi hakuacha kazi. Alikuwa anasuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, na vidole vyake viliendelea kupitisha chane za ukindu, moja juu, moja chini, kwa mwendo uleule wa kabla ya giza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwake hakuna kilichobadilika.

"Hebu nipe nishike hicho kinachokuinamisha kutwa nzima," akasema.

Nikamwekea mapajani. Ilikuwa shali ya mtoto, ya sufu, rangi ya maziwa, imefika mstari wa 84. Bibi hajawahi kufuma kwa sindano mbili maishani mwake. Alianza kuipapasa kutoka chini kwenda juu, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Mahali fulani akarudi nyuma, akapita tena, akasimama.

"Hapa pamekosa tundu, mwanangu."

Nikamwambia haiwezekani, bibi, nimehesabu. Na kweli nilikuwa nimehesabu. Vitanzi 152, kila mwisho wa mstari, tangu siku ya kwanza, na sikuwahi kukuta pungufu wala ziada. Yeye hakubishana. Alichukua kidole changu cha shahada akakipitisha kwenye kitambaa. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akakihamishia jirani yake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Nimekuwa nikitaka kuandika juu ya usiku ule tangu ulipopita, kwa sababu wasomaji wengi mnaonitumia picha za kazi zenu mnaniuliza swali moja: nitaanzaje kufuma vitu vigumu, vile vya matundu matundu, bila kuogopa? Nilikuwa na jibu langu la miaka, nalo lilikuwa: hesabu. Usiku ule jibu lilibadilika.

Wanawake wengi wa huku kusini tumekulia kwenye vitambaa vya makochi. Sindano moja yenye ndoano, uzi mweupe wa pamba, na jioni nzima ya maongezi. Mimi kufikia darasa la sita nilikuwa nafuma kitambaa cha meza huku naangalia wenzangu wanacheza rede. Lakini sindano mbili zilinitisha, na ilinichukua muda mrefu kujua kwa nini. Ukifuma kwa ndoano, kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, kile kilicho kwenye sindano. Kikichomoka unakirudisha, basi. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote vya mstari viko hai kwa wakati mmoja. Vyangu 152 vilikuwa vimekaa pale kwenye ncha, na kila kimoja kingeweza kudondoka na kushuka chini kama ngazi. Ukifuma matundu ya makusudi katikati yake, hofu inaongezeka, maana tundu ulilolikusudia na tundu la kitanzi kilichodondoka hayaachani sana machoni pa mgeni.

Kazi yangu ya kwanza ya matundu ilikuwa mtandio, nao niliuacha njiani. Nilitumia spoku za baiskeli, kama wengi wetu tunavyofanya. Spoku ni nzuri, zimenyooka na hazipindi ovyo. Unakata kichwa, unanoa ncha kwenye sakafu ya saruji, unapiga msasa laini, unapaka nta ya mshumaa ili hewa ya chumvi isizishike kutu na kutia uzi madoa. Shida ni unene. Spoku ya kawaida ina milimita 2, na mimi nilikuwa na uzi wa akriliki wa sweta. Kitambaa kilitoka kigumu kama kipande cha mkeka, na macho yote, yaani yale matundu, yalikuwa yamefumba. Nikakilowesha, nikakivuta, nikakibana kwa pini juu ya godoro hadi kesho yake. Nilipotoa pini kilirudi kilekile. Nikadhani mikono yangu si ya kazi hii, nikakaa miaka miwili bila kujaribu tena.

Aliyenitoa hapo ni jirani yetu wa Chikongola, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Nilimpelekea mtandio ule, akautazama kwa sekunde chache akauweka chini. "Hukukosea kufuma," akasema. "Umekosea sindano na umekosea uzi. Kazi ya matundu inataka sindano nene kuliko uzi unavyodai, ili vitanzi vipate nafasi ya kupumua. Na inataka uzi unaokubali maji. Sufu ukiilowesha na kuitandaza, ikikauka inakaa ulivyoiweka. Akriliki inarudi."

Sentensi mbili tatu tu, na nilikuwa nimebeba lawama isiyo yangu kwa miaka miwili. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu naona wengi wanaoacha kazi ngumu wanaziacha kwa kosa la vifaa wakidhani ni la mikono. Kabla hujajihukumu, angalia sindano.

Sasa sufu Mtwara utaipata wapi? Kwenye maduka yetu ya nyuzi kuna akriliki na pamba, basi. Lakini tuna mitumba, na joto la Mtwara limetufanyia jambo zuri: sweta nzito za sufu hazina mnunuzi. Zinalala chini kabisa ya fungu, na muuzaji anafurahi ukimwondolea. Yangu niliinunua kwa shilingi elfu mbili, sweta kubwa ya kiume.

Kuna mambo ya kuangalia. Geuza sweta ndani nje utazame mishono ya ubavuni. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi kwa mashine ya kumalizia kingo, iache, maana kila mstari umekatika na utabaki na vipande vya uzi vya urefu wa mkono. Unataka sweta ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake kisha kikaunganishwa kwa uzi mmoja unaofumuka. Itazame pia kama haijafuliwa kwa maji ya moto ikagandamana. Iliyogandamana haifumuki kamwe. Na ujue kama ni sufu kweli: chomoa kauzi kadogo ukachome kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zinazoungua na jivu lake linasagika ukilibana. Akriliki inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi.

Nilikaa siku mbili naifumua, uzi unatoka umejikunja kama nywele zilizosukwa na kufumuliwa. Nikauzungusha kwenye miguu ya kigoda, nikaufunga mafungu, nikaulowesha, nikautundika kivulini na chupa ya maji ikining'inia chini yake. Ulipokauka ulikuwa umenyooka. Na nyuzi zenyewe zilikuwa mbili zimekaa pamoja bila kusokotwa, kwa hiyo nilizitenganisha nikapata uzi mwembamba mara mbili ya urefu.

Sindano zilitoka kwa fundi wa vinyago. Hapa kwetu mpingo ndio mti wa mafundi, Wamakonde wameuchonga vizazi na vizazi, na ni mgumu kiasi kwamba nchi za nje wanautengenezea klarineti. Nilimwomba mabaki. Fundi akachukua kipande cha ubao, akakitoboa kwa keekee ya milimita 4, kisha kila akichonga kidogo anajaribu kupitisha kijiti kwenye tundu lile. Kikikwama, msasa. Kikipita kwa kusugua kidogo, tayari. Alinipa mbili, nyeusi, zinang'aa, ndefu kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Sikujua wakati ule kwamba weusi wao ungekuwa msaada: uzi wa rangi ya maziwa juu ya sindano nyeusi unaonyesha kila kitanzi peke yake, hata kwa taa hafifu.

Mtindo niliouchagua unatoka visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskochi. Ni watu wa bahari kama sisi, ila bahari yao ya baridi, na wanawake wa huko, hasa kisiwa cha Unst, walijulikana kwa shali nyembamba kiasi cha kupita kwenye pete ya ndoa. Huu niliouchagua mimi ni kati ya myepesi kabisa waliyonayo, na ningemshauri kila anayeanza aanzie hapo. Ukiutandaza unaonekana kama mawimbi yanayoingia ufukweni, moja nyuma ya jingine.

Unakwenda kwa mistari minne. Wa kwanza unafuma wazi, yaani mshono wa kawaida, upande wa mbele. Wa pili unarudi kwa kufuma kinyume, yaani mshono uleule uliogeuzwa mgongo. Wa tatu ndio wenye kazi, na unahesabika kwa mafungu ya vitanzi 18: unaunganisha viwili viwili mara tatu, kisha mara sita unazungusha uzi juu ya sindano na kufuma kimoja, kisha unaunganisha tena viwili viwili mara tatu. Wa nne unarudi kwa kufuma wazi, na huo unaacha kituta kidogo upande wa mbele. Tazama hesabu yake: vitanzi sita vya mwanzo vimebaki vitatu, sita vya katikati vimepata macho sita vikawa kumi na viwili, sita vya mwisho vimebaki vitatu. Vimeingia 18, vimetoka 18. Kila unapopunguza umeongeza mahali pengine. Kila jicho lina ndugu zake wawili waliounganishwa ili lipate nafasi.

Nililiita jicho kwa sababu wavuvi wa feri huita hivyo tundu la wavu. Na wavuvi haohao ndio walionipa kifaa nisichokiacha hadi leo. Wafumaji wa nchi za nje huwa wanapitisha uzi wa rangi nyingine kwenye vitanzi vyote vya mstari mmoja ulio salama, wanauacha ndani ya kitambaa, ili likitokea la kutokea unafumua hadi pale na vitanzi vyote vinakusubiri. Mimi natumia mshipi, ule mwembamba wa kuvulia. Unateleza, haushiki sufu, hauachi rangi. Kila baada ya mistari 20 nilikuwa nauchomoa na kuupitisha juu zaidi.

Nilianza mwezi wa pili, joto likiwa limekaza. Mikono ikitoka jasho uzi unakwama, kwa hiyo nilifuma alfajiri baada ya swala na jioni, na katikati nikajipaka poda viganjani. Nilikwenda vizuri. Mafungu manane ya vitanzi 18, na vinne vya pindo kila upande, jumla 152. Nilipanga mistari 240. Hesabu yangu niliiandika kwenye daftari la mwanafunzi, alama kwa kila mstari. Nilijiamini. Sasa najua nililiamini daftari.

Turudi barazani.

Umeme uliporudi niliitandaza shali chini ya taa nikaitafuta sehemu bibi aliyoishika. Fungu la tatu kutoka kulia, mstari wa 63. Macho matano. Nilijua mara moja kilichotokea. Nilisahau kuzungusha uzi mara moja, na kwenye fungu hilohilo nikafuma vitanzi viwili kimoja kimoja badala ya kuviunganisha. Nimepunguza kimoja, nimeongeza kimoja. Kosa limefuta kosa. Ndiyo maana hesabu ilitoka 152 na daftari likatiwa alama, na mistari 21 ikafumwa juu yake huku nikiridhika.

"Bibi, umejuaje?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama nimemuuliza amejuaje kwamba chai ina sukari. "Ukili unasoma kwa mkono," akasema. "Ukingoja uhesabu, umeshakosea."

Sikulala mapema. Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza kuliacha. Mtoto hatajua, na hakuna anayekaa kuhesabu macho ya shali. Sitamlaumu anayefuata njia hiyo, lakini mimi kidole changu kilishapita pale. Ya pili kufumua yote hadi mstari wa 62. Vitanzi 152 mara mistari 22, ni 3,344, karibu wiki mbili za alfajiri. Ya tatu nilikuwa nimeiona kwenye video, nikaizima katikati kwa hofu: kuangusha fungu moja tu. Unaviacha vitanzi 18 vishuke ngazi hadi penye kosa, huku vingine 134 vikibaki kwenye sindano, kisha unavipandisha upya mstari kwa mstari. Vitanzi 396.

Lugha yetu ina adabu nzuri hapa. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Fuma, fumua. Kitenzi kimoja, na kurudi kwake kumo ndani yake. Mimi nilikuwa nimejifunza nusu.

Niliifanya kesho yake asubuhi, mezani, mlango umefungwa ili watoto wa jirani wasiingie. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi.

Kwanza nilitafuta mstari wa 62. Hapa ndipo nilipoona faida ya kukitazama kitambaa chenyewe. Kile kituta cha mstari wa nne kinajirudia kila baada ya mistari minne, kwa hiyo kituta cha mstari wa 60 kilikuwepo pale, na juu yake mistari miwili laini, 61 na 62, vitanzi vimekaa kama herufi V zilizopangwa. Nilichukua spoku yangu ya zamani, ile ile ya milimita 2 iliyoniharibia mtandio, nikaipenyeza kwenye mguu wa kulia wa kila V ya mstari wa 62, moja baada ya nyingine, hadi 18. Wembamba wake ndio uliohitajika. Nyuma yake nikapitisha mshipi, nikafunga ncha zake kwa pini. Ngazi ikishuka itasimama hapo. Kisha nikachomoa mshipi wa zamani uliokuwa mstari wa 80, kwenye vitanzi hivyo 18 tu, vinginevyo ngazi ingekwamia juu.

Halafu nikavitoa vitanzi 18 kwenye sindano ya mpingo. Nilikaa navyo kidogo. Nikavuta.

Sauti yake ni ndogo sana, kama mtu anachana karatasi nyembamba chumba cha pili. Uzi ulijitoa mstari kwa mstari, na kila mstari ukaacha kamba iliyolegea ikining'inia kutoka upande hadi upande. Zilipokwisha zilikuwa 22, zimepangana kama ngazi ya kamba, na chini yake vitanzi 18 vimetulia juu ya spoku. Hakuna kilichoshuka zaidi. Wale 134 kulia na kushoto hawakutikisika. Nilisimama nikanywa maji, na nakumbuka nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Kumbe."

Nikabana kamba zile kwa pini juu ya mto kwa mpangilio, ya chini kabisa mbele, ili nisichukue ya mstari mwingine. Kisha kwa spoku mbili fupi nilianza kupanda. Kamba ya 63: unganisha, unganisha, unganisha, zungusha na fuma mara sita, unganisha, unganisha, unganisha. Safari hii sikuhesabu kwa mdomo. Niliangalia. Vitanzi viwili vilivyounganishwa pamoja vinalala kulia, cha kushoto kimempanda mwenziwe. Jicho ni uzi uliokaa juu ya sindano kwa ulalo, hauna shingo chini yake, wakati kitanzi cha kawaida kina shingo. Ukishajua hayo mawili huwezi tena kuchanganya jicho na kitanzi kilichodondoka, maana kilichodondoka kinaacha ngazi chini yake na jicho haliachi kitu. Mistari ya kurudi niliifuma upande wa mbele nikigeuza: iliyofumwa kinyume nyuma inakuwa wazi mbele, na ya kituta, iliyofumwa wazi nyuma, naifuma kinyume. Ilinichukua saa nne na adhana mbili. Kingo za fungu zilibaki zimekaza kidogo upande mmoja na kulegea upande mwingine. Nilizisogeza kwa ncha ya sindano, kitanzi kumpa jirani yake.

Kuanzia siku hiyo nilifuma tofauti. Daftari lilibaki, lakini kila mstari wa kurudi nilikuwa naupitisha kwenye vidole kwanza. Mistari ile ya kurudi isiyo na kazi watu huiona ya kuchosha. Ndipo mahali pa kukagua. Ukikuta umesahau kuzungusha uzi kwenye mstari uliopita, usifumue chochote: kati ya vitanzi viwili pale palipokosa jicho kuna kamba imelala, inyanyue kwa sindano uiweke kama kitanzi, na jicho lako limerudi. Linakuwa dogo kidogo, maji yatalipanua.

Mistari mingine 156 ilikwisha bila kosa nililoliacha, ingawa makosa yalikuwepo mengi. Nilifunga ukingo kwa kulegeza sana, kwa sababu ukingo uliokazwa unazuia mawimbi yasifunguke. Nikailowesha nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye shampuu kidogo. Sufu haikamuliwi kwa kuisonga wala kusuguliwa, itagandamana. Niliizungushia taulo nikaikanyaga. Kisha juu ya godoro, shuka safi, pini zisizoshika kutu, moja kwa kila ncha ya wimbi. Upana ulikuwa sentimita 62. Niliivuta hadi 84, na macho yote yakafunguka kwa pamoja, kama vile kitambaa kilikuwa kimebana pumzi. Pepo za kusi zilikuwa zimeanza. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imekauka. Nilitoa pini, nikasubiri irudi kama ule mtandio. Ilibaki ilivyo.

Mdogo wangu ameolewa Newala, na anayeifahamu Newala mwezi wa sita anajua kwa nini mtoto wa kule anahitaji sufu. Uwanda wa Makonde unapanda, ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi, na ukisimama pale Shimo la Mungu ukatazama bonde la Ruvuma upepo unakuingia hadi mifupani. Nilipanda basi na shali kwenye mfuko wa nailoni mapajani, Nanyamba, Tandahimba, mikorosho kulia na kushoto. Mama mkwe wake aliipokea kwa mikono miwili, akamfunika mjukuu, kisha akaanza kuipapasa pindo, kama wote wanavyofanya. Nilikuwa naangalia kidole chake. Kilipita juu ya fungu la tatu kutoka kulia na hakikusimama.

Sasa nimeingia kwenye kazi ngumu zaidi, na kwa hiyo nimelazimika kusoma chati. Walioniandikia kwamba chati zinawatisha, nawaambia hivi: kama ulipita chuoni ukasoma msahafu, nusu ya kazi umeshaimaliza. Chati ya kufuma inaanzia kona ya chini kulia na kwenda kushoto. Kila mraba ni kitanzi kimoja. Ukigeuza kitambaa, mstari wa pili unasomwa kutoka kushoto, kisha unapanda hivyo hadi juu. Nilipomwonyesha bibi chati yangu ya kwanza alishangaa tu kwa nini nilikuwa nimeiogopa, maana ni picha ya kitambaa chenyewe. Na ndivyo ilivyo. Maelezo ya maneno yanakuambia ufanye nini sasa hivi, chati inakuonyesha jicho hili limekaa juu ya lipi.

Kazi yenyewe ni ya mtindo wa Haapsalu, mji wa Estonia. Wao wana vijinundu vinavyoitwa nupp, navyo mimi naviita vitumba, kwa kuwa vinafanana na ua kabla halijachanua. Kwenye kitanzi kimoja unafuma, unazungusha, unafuma, unazungusha, hadi vinakuwa saba, na mstari unaofuata unaviunganisha vyote saba kwa mpigo mmoja. Kila mtu atakuambia ni vigumu kupenyeza sindano kwenye saba. Ugumu hauko hapo, uko mstari wa kabla: ukivifuma vile saba kwa kukaza umeshajifungia mlango. Viache virefu, virefu kuliko unavyoona ni adabu. Na vikikataa bado, chukua ile sindano ya ndoano ya vitambaa vya makochi uvivute nayo. Nilifanya kipande cha majaribio cha vitumba 12 kwa uzi wa pamba, nikakifumua, nikakifanya tena mara nne, ndipo nikapandisha vitanzi vya mtandio wenyewe. Ni wa bibi. Hajui.

Juzi usiku nilikuwa mstari wa 31, mshipi uko wa 20, vitumba tisa vimekaa kwenye sindano vikisubiri kufungwa. Umeme haukukatika. Nilizima taa mwenyewe, nikaweka kidole kwenye ncha ya kulia. Saba. Saba. Saba. Saba. Sita.